Lango la Nyuma ya Msesewe

Mchana niko ofisi ya maji, dirisha namba tatu,
nagonga mihuri kwenye ankara za Pasua na Majengo.
Usiku, maji yaleyale nayapandisha mlima.
Hayaniulizi kwa nini. Maji ya kitabuni yana adabu
kuliko ya bomba.

Kitabu cha kwanza, nakala mia tatu,
nilikichapisha kwa fedha za kikoba na ng'ombe wa mama
(ndama, tuseme ukweli; kwa ng'ombe angenifukuza).
Alnoor wa duka la vifaa vya shule alivipanga rafuni
kati ya gundi na madaftari ya hesabu,
akaandika kwa kalamu nene: HADITHI ZA WATOTO.
Nikamwambia, humo ndani malkia anakula kivuli cha mumewe.
Akafikiri, akaongeza: NA WAZAZI.

Jumamosi tunakutana nyuma ya duka hilo, waandishi wanne,
viti vitatu na kreti la soda.
Anaefi huandika wapelelezi; maiti zake zote huokotwa Njiapanda.
Kiwelu hajamaliza kitu tangu tumfahamu,
ila sentensi ya mwenzake huichambua kama mchele wa msiba.
Ndeonasia huhesabu mizani kwa vidole chini ya meza
hata akiongea na mumewe kwa simu.
"Zimwi lako," aliniambia, "linaongea kama katibu tarafa."
Nililia hadi kipilefti cha saa.
Hapo nikacheka: katibu tarafa ndiye niliyemwiba.

Wasomaji? Wapo. Nesi wa zamu ya usiku
alinidai dirishani, foleni nzima ikisikia:
"Mringa ulimuua kwa nini?"
Mzee mmoja akarudi hatua mbili na ankara yake.
Nikasema, angeishi, kitabu kisingeisha.
"Basi kisingeisha," akasema. Akalipa, akaondoka.

Halafu akaja mama Gasto, kutoka Kibosho.
Alikisukuma kitabu changu chini ya kioo, kimelowa,
kurasa zimevimba kama maandazi.
"Mwanangu wa darasa la sita jana hakufika shule.
Tumemtafuta hadi magharibi. Yuko juu, kwenye banio la mfongo,
anauzunguka msesewe, anapapasa gome.
Ukurasa wa arobaini na moja. Umeandika kuna lango."
"Nimeandika, mama."
"Lipo?"

Miaka kumi na moja, hakuna aliyeniuliza hivyo.
Wachapaji waliuliza soko, mchungaji aliuliza uchawi,
Alnoor aliuliza kodi ya rafu.
Nikatafuta neno hapana, fupi, la heshima,
likanikwama kooni kama mwiba wa perege.

"Basi lifunge," akasema. "Sikwambii ufute. Funga tu,
hadi likizo ya Desemba. Ana mtihani."
Nikachukua kalamu ya ankara,
nikaandika pembeni mwa ukurasa uliovimba:
*Lango limefungwa kwa matengenezo.*
Nikagonga muhuri, na tarehe. Mungu anisamehe, na meneja.
Alisoma mara mbili, akakikunjia kwenye kanga
kama mtu aliyepewa stakabadhi halali.

Jumamosi niliwasimulia. Kiwelu akanyamaza sana,
akasema hiyo ndiyo sentensi yangu bora.
Vidole vya Ndeonasia vikatembea chini ya meza.
"Mizani sita kwa sita," akanong'ona,
"na wala hukukusudia."

Wiki iliyofuata, karatasi ya daftari,
herufi zimeinama kama migomba yenye mikungu:
*Shikamoo. Mama amenionyesha. Fundi ni nani?*

Sijajibu.
Jana jioni, mlima ulipovua mawingu,
nilipanda Kibosho na viatu vya mvua na kitambulisho cha kazi,
nikawaambia walinzi wa mfongo nimekuja kukagua banio.
Wakanipisha; serikali haiulizwi saa.
Gome la msesewe ni chungu, ndiyo maana mbege hulipenda.
Nilinusa kiganja. Nikachuchumaa,
nikapapasa kwa chini, pale mkono wa mtoto unapofika.